Sauti ya Kituo cha Juu

Walipobakiza mwinuko mmoja tu kabla ya kufika Kituo cha Juu, Msimamizi aliketi chini kwenye theluji, akanyoosha miguu mbele kama mtoto anayengoja kuvishwa viatu, akasema hainuki mpaka apewe chai. Kiongozi wa njia, mwanamume wa makamo mwenye ndevu zilizoganda barafu, alimtazama, akatazama mawingu, kisha akafungua chupa ya chai. Tangu safari ianze alikuwa ameshajifunza kwamba kubishana na mama yule ni sawa na kubishana na mlima wenyewe.

Walikuwa wanawake watatu, wastaafu wote, wamefungwa kiunoni kwa kamba moja na kiongozi wao mbele. Msimamizi ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Zamani alikuwa akiwasimamia kazini, na ingawa kazi yenyewe ilikufa, cheo kilikataa kufa naye alikataa kukivua. Wa nyuma kabisa alikuwa Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwahi kwenda likizo. Na wa katikati walimwita Kinanda. Jina hilo alilipata ujanani kwa ajili ya sauti yake, na hata sasa, mvi zikiwa zimemjaa kichwani, mtu akimsikia akiongea kabla hajamwona humdhania msichana.

Kesho yake wangeteremka upande wa pili wa milima hadi barabarani, na safari ingekuwa imekwisha. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Siku za mwanzo walilalamika kutwa: baridi, malengelenge, mahema yaliyonuka soksi, na Chiriku aliyekoroma mpaka kiongozi akahamisha hema lake mbali akidai anaogopa poromoko la theluji. Sasa malalamiko yalikuwa yamekwisha, na badala yake kila mmoja alitafuta kisingizio cha kusimama. Chiriku alifunga upya kamba za buti ambazo hazikuwa zimefunguka. Msimamizi aliomba chai ya pili. Kinanda alisimama tu, akitazama moshi mwembamba uliokuwa ukipanda nyuma ya mwinuko ule, moyo wake ukimwambia haraka na miguu ikimwambia polepole.

Maana ni yeye aliyeichagua njia hii. Zilikuwepo njia fupi zaidi, na nyingine hazina theluji nyingi kiasi hicho. Alipoweka kidole kwenye ramani akasema tupite hapa, Kituo cha Juu, wenzake walitazamana wakanyamaza. Hata Chiriku alinyamaza, na hilo si jambo dogo.

Wote watatu walikuwa maopareta wa simu, enzi zile simu ikiunganishwa kwa mkono.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la posta, kirefu, chembamba, chenye sakafu ya mbao iliyopakwa nta mpaka viti vikawa vinateleza vyenyewe. Ukutani, kutoka pembe hadi pembe, ulisimama ubao wa simu: matundu kwa mamia, kila tundu na kitaa chake, na chini yake waya za kuunganishia zenye ncha za shaba zilizong'aa kwa kushikwashikwa. Wasichana waliketi safu moja, migongo imenyooka, visikilizio kichwani vikiwaharibia misuko. Mtu ungeweza kumjua opareta hata sokoni kwa ile alama ya ukanda wa chuma utosini. Kitaa kikiwaka, unachomeka waya, unauliza, "Nikuunganishe na nani?" Kisha unachomeka wa pili, na watu wawili ambao hutawaona maisha yako yote wanaanza kuulizana habari za mgonjwa, za arusi, za mvua. Kulikuwa na harufu ya nta na ya waya zilizopata joto, na pale dirishani chai zilipoa kwenye vikombe, kwa sababu ilikuwa marufuku kunywa chochote mbele ya ubao. Nyuma ya viti Msimamizi alipita na viatu vyake vya soli ya mpira. Humsikii akija. Unamjua kwa shingo yako tu, jinsi inavyoingiwa na ubaridi.

Dirisha moja la chumba kile lilitazama mtaani. Jingine, la mwisho kabisa, siku ambazo hakuna mawingu, lilionyesha mstari mweupe mbali sana, mwembamba kama uzi. Milima.

Laini za milimani hakuna aliyezitaka. Upepo ulizipiga mpaka zikachachatika sikioni kama mafuta ya kukaangia, na wateja wake walikuwa wachache, wenye kupiga kelele, wasioamini kwamba mtu aliye mbali hivyo anaweza kusikia bila kupigiwa ukelele. Kinanda alipoajiriwa akiwa mgeni, akapewa hizo. Mgeni huanzia jikoni. Na moja ya laini hizo ilikuwa ya Kituo cha Juu, nyumba ya serikali iliyojengwa karibu na kilele, iliyokaliwa na mtu mmoja tu, kazi yake kupima theluji na upepo.

Kila alasiri mpimaji yule alipiga simu ili aunganishwe na ofisi ya hali ya hewa. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika moja. Lakini laini ya ofisi ile mara nyingi ilikuwa na watu, ikabidi angoje, na mtu hawezi kungoja kimya kama jiwe. Siku moja akauliza, "Dada wa ubao, huko chini leo watu wanafanya nini?" Kinanda akageuza shingo hadi dirisha la mtaani, akamwambia: mng'arisha viatu anafunga vitu vyake, mama mmoja ananunua mwavuli huku jua linawaka, na mzee fulani anaikimbiza kofia yake na kofia ndiyo inayoshinda. Yule mtu akacheka, kicheko cha mtu aliyeanza kusahau namna ya kucheka. Naye akamlipa kwa habari zake: nyayo za mbweha zilizozunguka nyumba, na jinsi theluji inayoanguka bila upepo isivyo na sauti yoyote, mpaka mtu unasikia damu yako mwenyewe ikitembea.

Ndivyo ilivyoendelea kwa miaka. Yeye alimwita dada wa ubao, na Kinanda akamwita kaka wa theluji. Majina hawakuulizana, maana sheria ilikataza. Lakini alikijua kikohozi chake, alikijua kilio cha birika lake, na alijua siku ambazo amesema "salama" na si salama. Je, yalikuwa mapenzi? Chiriku aliwahi kuuliza hivyo mara moja, akajibiwa kwa jicho. Wakati ule Kinanda alikuwa tayari ana mchumba, fundi saa mpole mwenye vidole virefu, aliyempenda na ambaye aliishi naye vizuri mpaka mauti yalipowatenganisha. Kuna watu unaowapenda kwa macho, na kuna unaowapenda kwa sikio, na moyo wa Kinanda haukuwahi kuwachanganya.

Kisha ikaja alasiri ile ya tufani. Kitaa cha Kituo cha Juu kiliwaka mapema kuliko kawaida, na sauti iliyotoka haikuwa na haraka hata kidogo. "Dada," ikasema, "paa limenishukia."

Theluji ya mteremkoni ilikuwa imeporomoka juu ya nyumba. Boriti ilikuwa imemlalia mguuni, na simu ilikuwa imeangukia karibu na mkono wake, bahati ya Mungu. Akasema hasikii baridi tena, anasikia usingizi tu. Kinanda alishaambiwa na mtu yuyo huyo, katika mazungumzo ya siku nyingine, kwamba mlimani mtu akiacha kusikia baridi ndipo pa kumwogopea. Akapiga simu kijiji cha chini yake, wanaume wakatoka na majembe, lakini upepo ulikuwa usoni mwao na njia ilikuwa imezikwa. Basi hakuuchomoa ule waya. Alianza kuongea.

Alimsimulia hadithi za bibi yake, zikamwishia. Akamsimulia mtaa, mtu kwa mtu. Akamsimulia uchumba wake, jinsi fundi saa alivyochelewa kuja kujitambulisha kwao kwa sababu saa yake mwenyewe ilikuwa imesimama. Yule mtu alipokawia kuitikia alimgombeza kama mke anavyomgombeza mume: mimi nikiongea na mtu nataka anijibu, kaka, sikuja hapa kuongea na ukuta. Na kule, katikati ya mchachatiko wa upepo, alisikia kitu kama kicheko.

Ndipo shingo yake ikaingiwa na ubaridi. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake. Opareta kushikilia laini kwa mazungumzo yake mwenyewe lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi papo hapo. Msimamizi alisikiliza kidogo. Kisha akainama, akachomoa waya zote za Kinanda isipokuwa ule mmoja, akavuta kiti cha jirani, akavaa kisikilizio, akaanza kupokea simu za upande wa Kinanda pamoja na za kwake. Hakusema lolote siku ile, wala baadaye. Giza lilikuwa limeshaingia pale ilipoingia katika laini ile sauti nyingine, ya mtu anayehema, ikasema, "Tumempata, anapumua," kisha laini ikakatika. Kinanda alijaribu kusema asante, akakuta hana sauti. Ilimchukua juma zima kumrudia.

Mpimaji alipelekwa hospitali ya mji mwingine. Kinanda akaolewa, mwaka ukapita. Siku moja, wakati Kinanda yuko nyumbani na mtoto mchanga, mtu mmoja alikuja posta kwa magongo, akamwuliza bawabu habari za dada wa laini za milimani. Bawabu akamjibu kwamba maopareta hawapokei wageni, na huyo amtakaye yuko likizo ya uzazi. Mgeni akaacha salamu, akaondoka. Kinanda aliporudi kazini alizikuta salamu, na pia akayakuta makasha makubwa yamepangwa ukumbini. Ndani yake mlikuwa na mitambo mipya ya simu, ile isiyohitaji msichana wala ubao. Haukupita muda mrefu Msimamizi akachomoa waya wa mwisho mbele ya safu nzima, akawaambia wakae sawa, wasilie kama watoto wadogo. Yeye ndiye aliyeanza kulia.

Miaka mingi baadaye Kinanda alimpeleka binti yake amwonyeshe chumba kile. Kilikuwa kimegawanywa kwa mbao nyembamba kuwa viofisi. Mahali pa kiti chake palisimama mtungi wa maji ya kunywa.

Fundi saa alipofariki, Chiriku alikuja kutoa pole, akakaa wiki nzima. Alichokiona hakikumpendeza. Kinanda alikuwa akizungumza kama kawaida, chakula alikula, wageni aliwapokea, lakini jina la mumewe halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Akilikaribia alilizunguka, kama mtu anavyozunguka shimo. Siku ya kuondoka, Chiriku akasema, "Shoga, maisha yetu yote tumepeleka sauti za watu kwenye ile milima. Miguu yetu haijawahi kwenda. Twende." Kinanda alidhani ni maneno ya kumfariji tu. Lakini Msimamizi alipopigiwa simu alikubali kwa sharti moja, mazoezi. Wakawa wanapanda na kushuka ngazi za ghorofa analokaa Msimamizi, mikoba mgongoni imejazwa vitabu vya zamani vya orodha za simu, mpaka majirani wakadhani kuna mtu anahama na hajui aende wapi.

Ndivyo walivyofika hapa, kwenye mwinuko wa mwisho, na chai ya pili ilikuwa imekwisha.

Kiongozi akawainua. Walipanda taratibu, buti zikizama mpaka vifundoni, kila mmoja akikanyaga alama ya mwenzake. Ukungu ulishuka ukawafunika, wakawa wanaijua safu kwa mvuto wa kamba tu. Kisha ikatokea nyumba ya mawe, fupi, paa lake jipya, na mlangoni rundo la viatu vya wasafiri. Serikali ilikuwa imeacha kupima theluji kwa mikono ya watu siku nyingi, na nyumba ile sasa ilikuwa mahali pa kulala wapanda milima. Watunzaji wake, kiongozi aliwaambia, ni mzee mmoja na mkewe.

Mlango ulifunguliwa na mama mfupi mnene mwenye mashavu mekundu kwa joto la jiko. Akawakaribisha ndani haraka, joto lisitoroke. Nyuma yake akaja mzee mrefu aliyevuta mguu mmoja, ufagio mkononi, macho yake kwenye sakafu.

"Kung'uteni viatu, tafadhali," akasema. "Theluji ikae kwao nje."

Kinanda alikuwa ameshavua buti moja. Akabaki nayo mkononi. Sauti ilikuwa imezeeka, imekwaruzika kama mlango wa ghala, lakini ile namna ya kulipandisha neno la mwisho kidogo, kana kwamba kila anachosema ni swali, ilikuwa ni ile ile. Angeitambua katikati ya soko. Akasema, "Shikamoo, kaka."

Mzee akaendelea kufagia.

"Usijisumbue, mama," mke akasema. "Masikio yake yalishastaafu. Mpaka usimame mbele ya uso wake, useme taratibu, asome midomo."

Njia nzima Kinanda alikuwa akijiandaa. Alijiambia huenda amekufa. Huenda alishahama, huenda amesahau, na mtu hana haki ya kulaumu kusahauliwa. Hilo moja halikumpitia akilini. Kitu pekee alichokuwa amempandishia mlimani ni sauti yake, na sasa hapakuwa na wa kuipokea. Akaenda akaketi benchini karibu na ukuta, akanywa supu aliyopewa asijue ladha yake. Chumba kilikuwa kidogo na safi: meza ndefu yenye alama za vikombe, kamba juu ya jiko iliyotundikwa glavu za kila rangi, dirisha lililojaa ukungu. Chiriku alikaa kando yake, bega kwa bega.

Msimamizi alikuwa anakausha soksi zake. Bila kugeuka, kwa sauti ile ya chini iliyokuwa ikipita nyuma ya viti miaka ile, akasema, "Laini iko wazi. Unangoja nini?"

"Hasikii," Kinanda akajibu.

"Sikukuuliza kama anasikia."

Kinanda akainuka. Mzee alikuwa amechuchumaa akitia kuni jikoni. Akasimama mbele yake mpaka alipoinua uso, kisha akasema polepole, kila neno peke yake, "Mimi ni dada wa ubao."

Mzee akakunja kipaji. Akamwomba arudie. Akarudia. Kipande cha kuni alichokishika kikarudi chini kwenye rundo. Hakuwa akimtazama machoni, alikuwa akiutazama mdomo, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma bango kutoka ng'ambo ya barabara.

"Sema tena," akasema, na safari hii haikuwa kwamba hakuelewa.

Mkewe alikuwa ameshajishika kiuno. "Ndiye yeye?" akauliza, na alipoona machozi ya mumewe akajijibu mwenyewe. Yeye alikuwa muuguzi wa wodi aliyolazwa mpimaji siku zile. Mguu ulivunjika, mke akapatikana, ndivyo alivyopenda kusema. "Asubuhi dada wa ubao, jioni dada wa ubao. Nilikuonea wivu mpaka wivu wenyewe ukanichosha, nikauacha." Akamshika Kinanda mikono yote miwili. "Lakini yeye amekuita dada na mimi nimeolewa naye. Basi wewe ni wifi yangu, na wifi gani huyu, miaka yote hii hujaja hata kunisema kwamba sijui kupika?"

Wakacheka wote, hata kiongozi aliyekuwa hajaelewa vizuri kinachochekwa. Chiriku akamweleza, kwa kirefu.

Mzee alimvutia Kinanda kiti mahali penye mwanga. Akamwambia kwamba usikivu haukumtoka siku moja. Sauti zilikuwa zikiondoka moja moja, kama wageni wanaoaga. Upepo ulitangulia, birika likafuata, kisha watu. Wanawe walipovunja ungo na ndevu kuwaota alikuwa ameshaacha kuwasikia, kwa hiyo kichwani mwake bado wana sauti za watoto. "Ya kwako ilibaki ilivyokuwa," akasema. "Siku ile nilikusikia sikukuona. Leo nakuona sikusikii. Lakini nikitazama mdomo wako naiweka ile sauti humo, na inakaa sawasawa. Hukuzeeka, dada."

"Basi usizitazame hizi mvi," Kinanda akamjibu.

Akacheka. Kisha akawa kama mtu aliyekumbuka jambo aliloliahirisha. "Uliniacha njiani," akasema. "Yule mchumba wako. Saa yake ilikuwa imesimama, watu wanamngoja kwenu, wakaja wale na majembe wakanichukua. Je, alifika?"

Chiriku aliinamisha macho. Msimamizi akaacha soksi. Miaka miwili tangu amzike, Kinanda hakuwa amemsimulia mtu yeyote habari za mume wake, hata binti yake. Lakini uso ule ulikuwa umemwinukia, ukingoja, na huwezi kumwonea haya mtu anayekutegemea mdomo wako.

"Alifika," akasema. "Wageni wameshaondoka. Baba ameshavua shati, yuko na fulana. Mama anaosha vikombe." Alisema taratibu ili aeleweke, na ule utaratibu ukamrudishia mambo aliyodhani yamepotea: suruali yenye vumbi mpaka magotini kwa sababu alikimbia njia nzima, na ua alilolishika ambalo kichwa chake kilikuwa kimeshaanguka akawa amebeba kikonyo. "Akasimama mlangoni, hana la kusema. Akaiona saa yetu ya ukutani. Ilikuwa mbovu tangu nizaliwe, tuliiacha iwe pambo. Akaomba kisu cha jikoni. Hakusalimu, kaka. Akapanda juu ya kiti, akaifungua, akaifanyia kazi mpaka ikaanza kugonga. Baba akamtazama, akasema, huyu kama anaongea kidogo na kurekebisha kinachoharibika, mchukueni."

Mzee alikuwa akicheka mpaka mabega yakamtikisika. Kinanda naye alicheka, akajikuta analia, akaendelea kusimulia huku analia na hakujali. Aliwasimulia kuhusu vidole vile virefu, kuhusu nyumba iliyojaa saa za watu zikigonga kila moja kwa wakati wake mpaka wageni wakashindwa kulala. Aliwasimulia jinsi alivyokuwa akimwekea sikio mtoto kifuani kama anavyoisikiliza saa, kisha anasema, iko sawa. Jina la mumewe alilitaja tena na tena. Msimamizi na Chiriku walikuwa wamesogeza benchi. Mke wa mzee akamimina chai, akasahau kuigawa.

Asubuhi kulikuwa na jua kali na anga jeupe machoni. Hawakuagana sana. Mke alimsukumia Kinanda soksi nzito za sufu ndani ya mkoba, akamwonya asimpe Chiriku hata moja. Mzee aliwasindikiza mpaka pale theluji ilipoanza kuteremka, akivuta mguu wake, akasimama hapo. Kinanda aligeuka akamwambia jambo, kwa midomo tu, bila sauti, na mzee akaitikia kwa kichwa. Chiriku alimwuliza njia nzima alisema nini. Hakuambiwa.

Kushuka kulikuwa kwepesi kuliko walivyotaka. Theluji ilipungua, ikawa viraka, ikawa matope. Maji yalianza kusikika chini ya mawe, kisha nyasi, kisha uzio wa kwanza na mbuzi mmoja aliyewatazama kwa dharau. Hapo kiongozi akawafungua kamba, akaizungusha mkononi, akaiweka mkobani. Wakaendelea kutembea kwa safu ile ile, umbali ule ule, mpaka Msimamizi alipogundua akasema hawajafungwa tena, mtu anaweza kwenda atakapo. Hakuna aliyetoka kwenye safu.

Barabarani palikuwa na duka dogo, benchi nje na kibao cha kituo cha basi. Kiongozi alipeana nao mikono, akamshika Msimamizi wa mwisho, akamwambia hajawahi kuongoza mtu mkaidi kama yeye. Msimamizi akalipokea hilo kama nishani. Kiongozi alipokwisha kupotea kwenye kona, wakaketi benchini watatu, wakanyoosha miguu mbele juani, buti sita zenye tope la rangi moja.

Walikuwa wameanza kuikumbuka safari ambayo matope yake hayajakauka viatuni. Chiriku akasema lile hema lilikuwa na harufu nzuri, ukilizoea. Kinanda akasema mume wake angeichukia ile baridi, angekaa jikoni kwa wifi atengeneze kila kitu kilicholegea, na jina lake akalitaja bila kulizunguka. Msimamizi akasema mwakani wachague milima mingine, maana mwaka unaofuata watakuwa wazee.

"Na sasa hivi ni nini?" Chiriku akauliza.

Basi likaja, likapunguza mwendo, dereva akawatazama. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze kuinuka. Dereva akapiga honi mara moja, akangoja kidogo, akaondoka.

"Litakuja jingine," Msimamizi akasema, akaegemea ukuta wa duka, akafumba macho.